Nilipokea nishani ya mwaka huku nikijua nimeteleza

Mshauri,

Shikamoo. Naomba usichapishe jina langu wala mahali nilipo. Mimi ni mwanamke, nimeolewa, nina watoto, na wanaonifahamu wananijua kama mtu wa ibada. Kwa miaka mingi nimetawaliwa na picha za ngono na maongezi ya usiku na wanaume nisiowajua. Si tamaa ya kupita. Nilikuwa naingia bafuni na simu saa nne usiku nikisema dakika kumi tu, nikija kushtuka ni saa tisa, macho yanawasha, na asubuhi kazi inaningoja. Nilifuta programu nikazirudisha siku hiyohiyo. Nilifunga, nilikesha katika maombi, niliweka nadhiri. Zote nilizivunja.

Mwishowe nilijiunga na kikundi cha kusaidiana cha waraibu wa ngono kinachofuata Hatua Kumi na Mbili, yaani mwongozo wa kuacha uraibu hatua kwa hatua kwa kukiri, kufidia na kusali. Nikapata mlezi, yaani mwenzako mkongwe anayekuongoza kwenye hatua, mama mtu mzima aliyekaa safi bila kurudia uraibu miaka mingi. Tukazipitia hatua pamoja mpaka ya nane. Kwa mara ya kwanza maishani nikaweza kusali bila kuanza kwa kuomba radhi.

Kikundi kikanichagua kuwa katibu. Ndimi ninayefungua mkutano, ninayesoma utangulizi, ninayewapokea wapya. Kisha mlezi wangu akaugua. Nikaona vibaya kumsumbua, nikaacha kumpigia kila siku kama tulivyoahidiana. Wiki chache kabla sijatimiza mwaka wa kukaa safi, mume wangu akiwa safarini, nikarudia yale maongezi. Usiku wa kwanza nilijiambia ni salamu tu. Usiku wa pili nikatuma picha zangu, na yaliyofuata unayaelewa. Sikukutana na mtu ana kwa ana. Nilimfungia yule mwanamume, nikafuta kila kitu, nikalia mbele za Mungu mpaka kukakucha.

Siku ya kutimiza mwaka sikusema neno. Walinipigia makofi, wakanipa nishani. Naibeba kwenye mkoba na sijapata kuitazama.

Nilimwendea kiongozi wangu wa dini. Alinisikiliza kwa upole, akasema nimeshatubu, Mungu amesamehe, na kwenda kuyasema mbele ya watu ni kujianika bure. Natamani awe amesema kweli. Lakini tangu siku ile kusali kumenishinda. Napiga magoti, maneno hayaji. Naona neema imeniondoka kwa sababu ya uongo wangu.

Linaloniumiza zaidi ni binti mmoja mgeni. Kikundi chetu karibu wote ni wanaume. Alikuwa akikaa karibu na mlango kama mtu anayetaka kutoroka, na anasema kilichombakiza ni kuniona mimi. Sasa ameniomba niwe mlezi wake. Nikimwambia ukweli ataondoka. Nikikubali, nitamfundisha nini?

Halafu mume wangu. Hajui la zamani wala la juzi. Anadhani ninakwenda kwenye kikundi cha sala. Hatua ya Tisa, ya kuwafidia niliowakosea, inanikabili. Kikundini wapo wanaosema nimweleze yote kwa usiku mmoja nipumue, na wapo wanaosema nisimuue kwa ukweli wangu. Nianzie wapi?

Katibu Asiyesema

Jibu

Marahaba, dada yangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Una siri moja ambayo umeificha kwa watu watatu, yaani kikundi, yule binti na mume wako, na umewafunga wote watatu katika fundo moja kana kwamba ukifungua kwa mmoja lazima ufungue kwa wote siku hiyohiyo. Sioni kama ni lazima. Kila mmoja wao anadai kitu tofauti kwako, na saa zao hazilingani. Tukiwatenganisha, mzigo hautaisha, ila utabebeka.

Kabla ya hapo, niruhusu niulize kuhusu mambo mawili matatu unayoyachukulia kuwa yamekwisha thibitika.

Kwanza, ni lini uliteleza? Wewe unasema ni safari ya mume wako. Mimi nikiifuata barua yako kinyumenyume, naanza kuona ufa pale simu kwa mlezi zilipokatika. Wenzako wa vikundi hivi wana desturi ya kujipima kwa mambo manne: njaa, hasira, upweke na uchovu. Likijitokeza mojawapo, mtu huhimizwa kupiga simu hata kabla hajajua kwa nini anapiga. Wewe ulikuwa mpweke, mwenye wasiwasi juu ya mgonjwa wako, na mtu pekee wa kumpigia ulikuwa umemwondoa mwenyewe kwa heshima. Lingine ni huo ukatibu. Ni utumishi mwema, lakini una mtego wake: anayefungua mkutano, kusoma utangulizi na kuangalia saa anaweza kumaliza miezi bila kuzungumza juu ya hali yake, na hakuna atakayegundua, kwa sababu sauti yake inasikika kila wiki. Je, mara ya mwisho uliposema kikundini kama mraibu, si kama katibu, ilikuwa lini?

Pili, kukaa safi kwenu maana yake nini? Hukunieleza, na vikundi havifanani. Sexaholics Anonymous wana kipimo kimoja kwa wote: kutofanya ngono na nafsi yako wala na yeyote nje ya ndoa. Sex Addicts Anonymous wao humwachia kila mtu achore miduara mitatu akisaidiwa na mlezi. Wa ndani una matendo ambayo ukiyafanya umerudia uraibu na tarehe yako ya usafi inaanza upya. Wa kati una mambo ya hatari yasiyohesabiwa kuwa kurudia, ila yanakupeleka huko. Wa nje una yale yanayokujenga. Kwa vipimo vyote viwili, sidhani kama usiku wa pili una utata, na wewe mwenyewe hujaomba tuupambe. Ninaouangalia ni ule wa kwanza, wa "salamu tu". Kama mnatumia miduara, huo ulikuwa wa kati, na mduara wa kati ndio mahali pekee ambapo mtu bado ana nguvu za kuita msaada. Siku utakapouchora upya, jaribu kuandika humo kwa maneno wazi: kukaa siku mbili bila kumpigia mlezi, simu chumbani mume asipokuwepo, kujibu ujumbe wa mtu nisiyemjua baada ya saa tatu usiku. Mduara wa kati ulioandikwa "kujihadhari na vishawishi" haumsaidii mtu, kwa kuwa usiku wa manane hakuna anayejua kishawishi kinaanzia wapi.

Tatu, hilo la neema kukuondoka. Hapa natembea kwa adabu, maana imani ni yako na kiongozi wako anakufahamu kuliko mimi. Alichokuambia kuhusu msamaha sikipingi. Ninachouliza ni kama alijibu swali ulilokuwa nalo. Hatua ya Tano inataja mashahidi watatu wa kukiri: Mungu, nafsi yako, na binadamu mwingine. Hatua ya Kumi inaongeza kwamba tunapokosea tunakubali mara moja. Kwa Mungu umekiri, na kwa barua yako naona umejikiri pia. Hata shahidi wa tatu umempata, kwa kuwa ulimwambia kiongozi wako. Lakini hukumdanganya yeye. Uliowadanganya ni wale waliokupigia makofi, na pengine maneno yanagoma ukipiga magoti kwa sababu kila sala inapita kwanza mbele ya ile nishani. Nasema pengine. Kuna watu hubanwa hivyo kwa huzuni ya kawaida tu, na kuna wanaobanwa na ugonjwa wa sonona. Ikiwa usingizi na hamu ya chakula vimekwenda pamoja na sala, au umeanza kuwaza kwamba heri usiwepo, hilo ni la daktari leo, si la mkutano wa wiki ijayo.

Kuna jambo la kihistoria ambalo wengi kwenye vikundi hulisikia bila kulitafakari. Hatua hizi zilitokana na Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Mwezi Mei 1935, Bill W., mfanyabiashara kutoka New York, alifika Akron, Ohio, mpango wake wa biashara ukavunjika, na akiwa karibu kurudia pombe akamtafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akakutanishwa na daktari, Dr. Bob. Walishikamana, wakasali pamoja, na bado wiki chache baadaye Dr. Bob alikwenda kwenye mkutano wa madaktari, akalewa. Tarehe 10 Juni 1935, siku inayohesabiwa kuwa ya kuzaliwa kwa chama kizima, hutajwa kuwa siku ya kinywaji chake cha mwisho baada ya kuteleza huko. Sikupi habari hii ili kuteleza kuonekane kwema. Angalia tu kwamba kuteleza kule hakukubaki siri, na hesabu ikaanza upya hapo.

Sasa tuje kwenye njia zilizo mbele yako.

Unaweza kunyamaza kama ulivyoshauriwa. Faida yake ni halisi: hakuna atakayeumia wiki hii, na vikundi vya namna hii vinalinda siri kwa heshima tu, si kwa sheria. Mshauri nasaha au daktari huwa amefungwa na miiko ya kazi yake, lakini mwanakikundi mwenzako hana kinachomfunga ila neno lake. Hatari yake ni kwamba uraibu huu hustawi kwenye siri yenyewe. Muda ukipita utakuwa na mambo mawili ya kuficha, kuteleza na kuficha kuteleza, na watu wengi hurudia tena kwa sababu ya hilo la pili. Husema, kwani tarehe si ni ya uongo tayari?

Unaweza kuanza na mtu mmoja. Mlezi wako anaumwa, lakini je, amekuambia hawezi kupokea simu, au ni wewe uliyemwamulia? Kuna wagonjwa ambao kuachwa kando huwachosha kuliko kusumbuliwa. Ungeweza kumwuliza kwa sentensi moja: "Mama, nina jambo zito, una nguvu ya dakika ishirini?" Akisema hana, muulize akuelekeze kwa mwanamke mwingine mwenye muda mrefu. Kama kikundini hayupo, ipo mikutano ya wanawake ya simu na ya intaneti. Desturi ya kutafuta mlezi ambaye hakuna uwezekano wa kuvutiana naye haikuwekwa kwa ukali. Mwanamke aliyetoka kuteleza, akimfungulia moyo mwanamume mpole, anaweza kuuhamisha uraibu bila kujua.

Ukimwendea, nenda na karatasi. Andika mfuatano: siku tatu kabla kulikuwa na nini, ulihisi nini, ulijiambia uongo gani wa kwanza, ulishika simu saa ngapi na chumba gani, ni wapi ungeweza kugeuka. Sehemu ya mwisho ndiyo yenye thamani, nayo ndiyo watu huiruka kwa sababu wanakimbilia kulia.

Au unaweza kusema mkutanoni. Wengi wakifikiria hili huona saa nzima ya fedheha. Kwa kawaida ni dakika tatu. Mtu husema aliteleza, lini, alificha nini, na tarehe yake mpya. Hataji programu, hasimulii picha, haelezi maongezi, kwa sababu maelezo hayo huwawasha waliokaa pembeni yake wakipigania usiku wao. Na katika mikutano mingi hairuhusiwi kumjibu au kumshauri anayezungumza, kwa hiyo hutahojiwa hapo. Baada ya mkutano ni habari nyingine: watakuja, baadhi na mapenzi, baadhi na udadisi. Mwombe mtu mmoja akae nawe mpaka utoke. Kuhusu ukatibu, vikundi vingi huweka muda fulani wa usafi kwa nafasi hiyo, na uamuzi ni wa kikundi kwa pamoja. Unaweza kuwaachia waamue badala ya kujiuzulu kwa kujiadhibu. Nishani unaweza kuirudisha au kuiweka mpaka tarehe yake iwe ya kweli. Nimesikia hoja nzuri kwa pande zote mbili. Hatari ya njia hii ni moja ambayo haisemwi sana: kukiri mbele ya wengi huleta nafuu kubwa, na nafuu hiyo inaweza kumfanya mtu aone kazi imekwisha, akarudi nyumbani bila kubadilisha simu inalala wapi.

Yule binti. Unasema ukimwambia ukweli ataondoka. Huenda. Lakini amebaki kwa sababu ya mwanamke asiyeteleza, na mwanamke huyo hayupo. Siku atakapoteleza yeye, na mwaka wa kwanza hilo hutokea kwa wengi, atakuwa amejifunza kutoka kwako kwamba hapa watu wa kweli hawatelezi, au kwamba wakiteleza hunyamaza. Upande wa pili, sidhani ni wewe unayepaswa kumwaga habari nzima kwa mgeni kabla ya kumwambia mlezi wako. Huo ungekuwa mzigo wa mtu mzima kwa mtoto. Kuna jibu fupi lisilo na uongo ndani yake: "Kwa sasa siwezi kuwa mlezi, nina kazi yangu ya kufanya na mlezi wangu. Nipigie tu kama mwenzako, na tutafute mwanamke wa kukushika mkono kwa muda." Kuzungumza naye si marufuku. Bill W. alimtafuta mlevi mwenzake ili yeye mwenyewe asinywe.

Kwa mume wako, ninaomba upunguze mwendo. Hatua ya Nane ni orodha ya uliowakosea na utayari wa kuwafidia tu. Ya Tisa inasema kufidia pale inapowezekana, isipokuwa kufanya hivyo kungewaumiza wao au wengine. Wanaokuhimiza useme usiku mmoja wanaisahau nusu ya pili. Wanaokuambia usimuue wanaitumia kama mlango wa kutokea. Mume wako ni mtu mzima ambaye anaishi ndani ya ndoa asiyoijua, na atakapoijua ataumia. Suala ni kama ataumia akiwa na wa kumshika.

Wanaofanya kazi hii kwa uangalifu huandaa kwa wiki kadhaa na mshauri wa ndoa anayeelewa uraibu. Mke huandika kwanza: aina ya mambo, tangu lini mpaka lini, kama kulikuwa na kukutana ana kwa ana, kama fedha zilitumika, nani mwingine anajua. Hayaandikwi maelezo ya picha na maneno, maana hayo humkaa mwenzi kichwani miaka. Kinachoharibu kuliko yote ni kutoa kidogo leo na kidogo mwezi ujao. Kila kipande kipya humfanya aanze upya, na baada ya cha tatu hataamini hata la kweli. Naye atahitaji watu wake. Ipo mikutano ya wenzi na jamaa, kama S-Anon. Kama una sababu ya kuogopa kupigwa, usalama wako na wa watoto unatangulia mpango wote huu. Na kama barua yako imeacha kitu, kama palikuwa na kukutana kimwili na mtu hata zamani, basi afya yake haingoji Hatua ya Tisa: vipimo vya magonjwa ya zinaa na VVU kwanza, na usimwingize kwenye hatari wakati unajiandaa.

Kuna kitu kinachoweza kuivuruga ratiba hii, nacho ni zile picha. Ulizifuta kwako, kwa yule mwanamume uliyemtumia huenda zipo. Akirudi na vitisho, usimlipe, maana anayelipwa hurudi. Piga nakala ya ujumbe kabla hujafuta chochote, ripoti kwenye mtandao husika na polisi, na mwambie mtu mmoja siku hiyohiyo. Ikifika hapo, mume kusikia kwako kabla ya kusikia kwa mgeni linakuwa jambo la saa, si la wiki.

Daktari namtaja tena kwa sababu nyingine. Shirika la Afya Duniani limeiweka tabia ya ngono isiyodhibitika katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Inaangalia kushindwa kujizuia kwa miezi sita au zaidi, na madhara kwenye maisha; hatia ya kimaadili peke yake haitoshi. Saa zako za bafuni na asubuhi zako za kazi zinastahili kusikilizwa kwa kipimo hicho. Pia kuna hali zinazofanana nayo zenye tiba nyingine, kama ugonjwa wa hisia mbili (bipolar), au athari za baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson zinazoiga dopamini, kemikali ya ubongo. Kikundi hakiwezi kuyatambua hayo.

Umeuliza uanzie wapi, na nimekupa njia bila kukuchagulia. Ninachokuomba ufanye wiki hii kabla hujachagua ni kidogo: simu ilale nje ya chumba, na uandike lile karatasi la mfuatano hata kama hujui utamsomea nani. Magoti nayo, piga tu, hata bila maneno. Hatua ya Kumi na Moja inataja sala na kutafakari, na kukaa kimya ni sehemu yake.

Na kama mume wako akikuuliza mwenyewe kabla hujajiandaa, usikanushe. Unaweza kumwambia: "Kile si kikundi cha sala tu. Ni cha watu wanaosaidiana kuacha jambo lililotushinda. Nataka kukueleza lote, mara moja, tukiwa na mtu wa kutusaidia, na ninatafuta siku." Atakubana, na hutaweza kumzuia asiwaze mabaya zaidi kwa siku chache hizo. Mwambie tarehe, na uishike.